Rembrandt na Wekundu Uliokoza

Wapo walimu wanaodhani kwamba picha hupendeza kwa wingi wa rangi. Maisha ya Rembrandt yanawakanusha. Mchoraji huyu alizaliwa Leiden, Uholanzi, mwaka wa 1606, akapata umaarufu na mali mjini Amsterdam. Mwaka wa 1642 alifiwa na mkewe, Saskia. Mwaka wa 1656 akafilisika, mali yake ikapigwa mnada. Hata hivyo, uzeeni ndipo alipochora picha iitwayo Bibi Arusi wa Kiyahudi: gauni jekundu lililokoza, nyuma yake hudhurungi ya udongo. Hudhurungi hiyo, yenye wekundu ndani yake, haishindani na gauni, hulipisha ling'ae. Rembrandt alifariki mwaka wa 1669, akazikwa katika kaburi lisilo na jina. Basi mwanafunzi mwenye rangi mbili tu asidharauliwe, afundishwe kuzipatanisha.