Ferdinand Porsche: aliunda gari la umeme, kisha akalitia injini

Msikilizaji wetu, kama umewahi kuiona ile Volkswagen ya zamani yenye mgongo wa kobe, kazi ya Ferdinand Porsche unaifahamu tayari. Wengi wanamjua kwa hiyo, na kwa magari ya mbio yenye jina la ukoo wake. Sisi leo tunamkumbuka kwa jambo lililotangulia. Akiwa hajafikisha hata miaka 26, alikuwa ameshaunda gari la umeme mtupu, na jingine la umeme na petroli kwa pamoja. Swali lililomsumbua ndilo analokutana nalo leo anayetaka kununua gari la aina hizo hapa kwetu.

Alizaliwa tarehe 3 Septemba 1875 katika kijiji cha Maffersdorf, ambacho siku hizi kiko Jamhuri ya Cheki. Baba yake alikuwa fundi bati na alitaka mwanawe airithi karakana, lakini kijana alipenda umeme. Mwaka 1893, akiwa na miaka 18, aliifungia nyumba ya wazazi wake taa za umeme. Akaenda Vienna, akaajiriwa na kampuni ya vifaa vya umeme, na baada ya kazi akawa anajipenyeza chuo cha ufundi kusikiliza mihadhara. Shahada hakuwa nayo. Ya heshima alipewa mwaka 1917.

Ludwig Lohner, mtengenezaji wa magari ya farasi, ndiye aliyempa nafasi. Gari lao lilioneshwa Paris mwaka 1900, na lilishangaza watu: mota zilikaa ndani ya magurudumu yenyewe, hakuna gia, hakuna mnyororo, hakuna moshi. Tatizo lilikuwa betri. Zilikuwa za risasi, kama betri tunazofunga kwenye trekta, na zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 400. Zikijaa, gari lilikwenda kilomita 50 hivi, kisha linasimama mpaka lichajiwe tena. Mteja mmoja wa Uingereza alipotaka gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, betri peke yake zilifika kilo 1,800. Ukiongeza betri ili ufike mbali, uzito nao unaongezeka, na uzito huo unakula umeme uleule.

Porsche akalizunguka tatizo. Alipunguza betri na kuweka injini mbili ndogo za petroli, ambazo hazikusukuma magurudumu hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuzungusha dinamo ili umeme uende kwenye mota na betri, na ungeweza kuzizima ukatembea kwa betri tupu. Gari hilo aliliita Semper Vivus, Kilatini cha "hai daima". Likafuata la kuuzwa, Mixte. Lilikuwa ghali, lilitaka matunzo mengi, na lilinunuliwa na wachache.

Tofauti ya leo ni ileile. Gari la umeme mtupu halina injini wala tangi la mafuta. Oili ya injini hubadilishi, plagi husafishi, na mengi ya sasa hupita kilomita 300 kwa chaji moja. Lakini betri ikiisha na umeme umekatika, unangoja. Haibridi ya kuchomeka ina betri ndogo unayoichaji kwa waya, pamoja na injini na tangi. Nyingi za leo injini yake husukuma pia magurudumu. Kwa umeme peke yake nyingi huenda kilomita 40 hadi 80 hivi. Toka Igawa hadi Rujewa na kurudi, huenda usichome hata tone la petroli. Ukienda Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 100, umeme utaishia njiani na injini itachukua kazi. (Kushuka Kitonga, aina zote mbili hujirudishia umeme kidogo mota ikilipunguza gari mwendo.) Ila matunzo ni ya pande mbili, injini na betri, na mwenye haibridi asiyeichomeka anabeba betri nzito bure.

Maisha ya Porsche yaliyobaki yaliegemea petroli na vita. Mwaka 1906 alihamia Austro-Daimler, akaunda misafara ya kuvuta mizinga kwa injini na umeme. Miaka ya 1930 alikubali kazi ya Hitler ya kuunda gari la wananchi, akajiunga na chama chake, na wakati wa vita kiwanda cha gari hilo kiliendeshwa kwa jasho la watu waliolazimishwa kazi. Hilo hatuwezi kuliruka kwa sababu tu alikuwa fundi hodari. Wafaransa walimkamata mwishoni mwa mwaka 1945 na kumweka ndani hadi 1947. Alifariki Stuttgart tarehe 30 Januari 1951.

Haibridi ilirudi sokoni kwa kishindo mwaka 1997, Toyota ilipotoa Prius huko Japani, lakini ile ya kwanza haikuwa na mahali pa kuchomeka waya. Mwaka 2008 ndipo BYD ya China ilipoanza kuuza yenye tundu la chaji. Kwa hiyo ukiletewa haibridi iliyotumika kutoka Japani, usitosheke na maandishi ya nyuma. Zunguka gari lote utafute kifuniko cha pili, mbali na kile cha mafuta.