Mathias Mulumba, mzee wa familia

Tunapotaja Mashahidi wa Uganda, wengi wetu huwakumbuka vijana: Karoli Lwanga, na Kizito mdogo wao. Leo tumkumbuke mzee wao, Mathias Kalemba Mulumba, aliyeuawa akiwa na miaka 50 hivi.

Alizaliwa Busoga, akatekwa pamoja na mama yake, akalelewa Buganda kama mtoto wa nyumba. Akapata cheo kwa chifu wa Ssingo. Aliufuata Uislamu, akasikiliza na Waprotestanti, kisha akawaendea mapadre wa Kikatoliki. Kikwazo kilikuwa nyumbani, maana alikuwa na wake wengi. Alibaki na mmoja, Kikuvwa. Wale wengine hakuwafukuza tu, aliwapangia maisha. (Sisi wa huku Mabwerebwere, tunaojua wajomba wanavyokaa kikao hata kwa ndoa moja, tunaweza kukisia uzito wake.) Akabatizwa tarehe 28 Mei 1882.

Mwaka huohuo mapadre waliondoka, wakarudi 1885. Miaka yote hiyo, bila padre wala Misa, Mulumba na Luka Banabakintu waliwakusanya waamini wa Mityana, wakasali na kufundisha.

Mei 1886 Kabaka Mwanga aliamuru wauawe. Mulumba alikatwa mikono na miguu pale Kampala ya zamani, akaachwa kichakani. Watumwa waliokuja kukata matete walimsikia akiomba maji, wakakimbia kwa hofu. Alifariki tarehe 30 Mei, siku tatu baadaye. Aliacha mke na watoto.

Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, pamoja na wenzake 21. Ni msimamizi wa machifu na wa familia.