Jenerali China: Mpiganaji aliyejaribu mazungumzo

Waulize vijana wa Silanga, Kibera, kuhusu NYS, watakwambia habari za mitaro na vyoo vilivyojengwa mtaani miaka ya 2014 na 2015. Wachache wanajua kwamba mmoja wa wakuu wa kwanza wa shirika hilo alikuwa jenerali wa Mau Mau.

Waruhiu Itote alizaliwa Nyeri mwaka wa 1922. Vita vya Pili vya Dunia vilimfikisha Burma akiwa askari wa KAR. Huko aliona kuwa Mzungu naye huogopa risasi. Baadaye akaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya, wakamwita Jenerali China.

Januari 1954 alijeruhiwa, akakamatwa, akahukumiwa kunyongwa. Aliponea kitanzi baada ya kukubali kuwaandikia wenzake msituni ili wazungumze na serikali ya kikoloni. Wapo waliomwita msaliti. Yeye aliona bunduki peke yake haingeleta uhuru. Lakini Aprili wanajeshi na wapiganaji wakafyatuliana risasi, mazungumzo yakafa. Mwezi huohuo, maelfu ya watu wakazolewa Nairobi na kupelekwa kizuizini.

Itote alifungwa Lokitaung pamoja na Jomo Kenyatta, akaachiliwa 1962. NYS ilipoanzishwa 1964, aliyewahi kuwapa vijana bunduki sasa aliwasimamia wakishika jembe na sepetu. Alifariki 1993.

Funzo ni gani? Kijana anayesimama katikati kutuliza fujo mtaani hurushiwa mawe kutoka pande zote mbili. Itote aliyajua hayo, na bado alisimama.