Tupac Shakur, mtoto wa Afeni: kutoka umaskini wa Harlem hadi kileleni mwa rap

Wengi wanamkumbuka kwa kitambaa kichwani, michoro ya mwilini na risasi zilizomuua. Lakini ili kumuelewa Tupac Shakur, ni lazima kuanza na mama yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1971, Afeni Shakur, mwanachama wa Black Panther, alikuwa gerezani New York akiwa mjamzito. Yeye na wenzake walishitakiwa kupanga kulipua mabomu mjini humo. Alijitetea mwenyewe mahakamani, bila mwanasheria, na mwezi wa tano wakaachiliwa huru. Mwezi uliofuata, tarehe 16 Juni, mtoto akazaliwa. Baadaye mama alimpa jina la Tupac Amaru, kiongozi wa waasi wa Peru aliyeuawa na Wahispania.

Ushujaa huo haukulipa kodi ya nyumba. Familia ilihamahama, na Tupac akakua bila baba mzazi. Huko Baltimore aliingia shule ya sanaa, akasoma maigizo, mashairi, hata dansi ya ballet. Ndiye huyo huyo ambaye magazeti yalikuja kumuita mhuni.

Mwaka 1988 walihamia Marin City, California. Hapo Afeni, mwanamke aliyewashinda waendesha mashtaka wa New York, alishindwa na dawa za kulevya aina ya crack. Kijana akaondoka nyumbani, akalala kwa marafiki. Kundi la Digital Underground lilimpokea abebe vyombo na kucheza dansi jukwaani. Mwaka 1991 akatoa albamu yake ya kwanza, 2Pacalypse Now, na mwaka uliofuata akaigiza katika filamu ya Juice. Mwaka 1993 aliigiza pamoja na Janet Jackson katika Poetic Justice. Umaarufu ulikuwa umefika.

Matatizo nayo yalifika. Novemba 1994 alipigwa risasi tano New York. Siku iliyofuata, mahakama ilimkuta na hatia ya kumnyanyasa mwanamke kingono. Yeye alikana. Wapenzi wake hupenda kuruka ukurasa huo, lakini ni sehemu ya maisha yake.

Akiwa gerezani, Machi 1995, albamu yake Me Against the World ilishika nafasi ya kwanza Marekani. Hakuna msanii mwingine aliyekuwa amefanya hivyo akiwa mfungwa. Ndani yake kuna Dear Mama, wimbo wa kumshukuru Afeni bila kuficha madawa wala njaa. Wakati huo mama alikuwa ameacha crack.

Kampuni ya Death Row ilisaidia kumtoa kwa dhamana ya dola milioni 1.4. Tarehe 7 Septemba 1996, akitoka kutazama ngumi za Mike Tyson mjini Las Vegas, alipigwa risasi ndani ya gari. Alifariki siku sita baadaye, na umri wa miaka 25. Mshukiwa alikamatwa mwaka 2023 tu, anakana mashtaka.

Afeni ndiye aliyebaki kusimamia kazi za mwanawe. Mwaka 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuweka Dear Mama kati ya rekodi za kuhifadhiwa. Mama huyo alikuwa bado hai; alifariki mwaka 2016.