Mwenda Jean-Bosco: Mzee Aliyerudi Studio

Wapendwa, sisi tunaovuka mipaka kwa ajili ya ushirika tunajua jinsi wimbo unavyopita forodhani bila kuulizwa pasi. Leo nawaletea habari za mtu ambaye wazee wetu wengi walimjua kwenye santuri: Mwenda Jean-Bosco wa Katanga. Hakuwa mwimbaji wa Injili, na tusimpake rangi asiyokuwa nayo. Ila maisha yake yana neno kwetu.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Kongo, makao ya Bayeke. Ndugu wa Tabora mtafurahi, maana chimbuko la hao Bayeke ni Unyamwezi. Mababu walikwenda Katanga na misafara ya biashara, wakabaki hukohuko na kutawala. Baadaye, serikali ya Zaire ilipotaka watu waache majina ya kigeni, yeye akaitwa Mwenda wa Bayeke.

Mwaka 1952 alikuwa kijana tu, anapiga gitaa Jadotville, mji ambao sasa ni Likasi. Akakutana na Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki wa wenyeji. Tracey akamrekodi, na wimbo mmoja, Masanga, ukatoka na kusambaa mbali.

Mwenda alitumia vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba kinashika besi, cha shahada kinacheza juu. Ukisikiliza unadhani wapo watu wawili, kumbe ni mmoja! Tena aliimba Kiswahili cha kwao, kwa hiyo na huku kwetu walimwelewa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikaa Nairobi, akapiga hata tangazo la redio la dawa ya Aspro, na vijana wa Kenya wakaiga vidole vyake. Mwaka 1969 alifika Marekani, kwenye tamasha la Newport.

Lakini nyakati hazimsubiri mtu. Magitaa ya umeme na bendi kubwa za rumba zilishatawala. Mtu mmoja na gitaa kavu akaonekana wa zamani. Mwenda alifanya kazi nyingine za kujipatia riziki kama baba yeyote, huku Masanga ikiendelea kupigwa na watu ambao hawakuwahi kumwona.

Kisha wakamkumbuka. Mwaka 1982 alikwenda Ulaya kupiga. Na mwaka 1988, akiwa na miaka kama 58, aliingia studio Cape Town, Afrika Kusini, akarekodi albamu. Ni yule yule, gitaa na sauti yake, isipokuwa sasa ni sauti ya mzee.

Sasa angalieni tarehe, ndugu zangu. Mwaka 1990 Mwenda alifariki kwa ajali ya gari Zambia. Kati ya ile studio na ile ajali ni miaka miwili tu. Wangesema tutamrekodi baadaye, hiyo albamu isingekuwepo.

Basi, katika maadhimisho haya, tutazame viti vya mbele. Wapo akina mama na wazee waliofundisha kwaya zetu za kwanza, wanajua pambio ambazo hazikuandikwa popote. Leo kila mmoja wetu ana simu mfukoni inayorekodi. Tusiwaambie wapumzike, vijana wapo. Tuwaombe waimbe, na tuwarekodi kabla hatujafunga mkutano huu.