Hakukanyaga Chuo Kikuu: Vile Shakespeare Alitoa Stori ya Caesar Kitabuni Akaipeleka Stejini

Kama uliacha chuo juu ya karo, kama huyu anayekuandikia, keti hapa kidogo. Shakespeare unamjua, walimu walikutesa naye. Lakini maisha yake walikupea?

Jamaa alizaliwa 1564 huko Stratford-upon-Avon, mji mdogo Uingereza. Mzee wake alishona glavu za ngozi na alikuwa mtu wa maana mtaani, hadi mambo yakaenda mrama na madeni yakamwandama. William chuo kikuu hakukanyaga. Akiwa na miaka 18 akamuoa Anne Hathaway, dem wa miaka 26 aliyekuwa na mimba tayari. Kufikia 1585 walikuwa na watoto watatu, wawili wao mapacha.

Akaingia London kusaka unga. Akaigiza, akaandika. Mwaka wa 1592 kijitabu kilichotoka kwa jina la Robert Greene, msomi wa chuo kikuu, kikamponda: eti ni mwigizaji tu anayejifanya mwandishi. Halafu 1596 kijana wake Hamnet akafariki, miaka 11 tu. Hapo wengi wangezima.

Lakini 1599 kundi lake likafungua ukumbi wa Globe, na mwaka huo huo Julius Caesar akapanda stejini. Stori yenyewe hakuitunga. Aliitoa kwa Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya wakubwa wa Ugiriki na Roma karibu miaka 1,500 kabla yake. Jacques Amyot aliitafsiri kwa Kifaransa, kisha Thomas North akaitoa kwa Kifaransa akaileta kwa Kiingereza 1579. Na cheki hii: toleo la 1595 lilichapishwa London na Richard Field, msee wa hapo hapo Stratford!

Sasa angalia vile aliichapa kazi. Kwa Plutarch, sherehe ya ushindi wa Caesar na sikukuu ya Lupercalia zimeachana miezi kadhaa. Shakespeare akazibana siku moja. Vita viwili vya Philippi, vilivyopishana kama siku 20, vikawa vya siku moja pia. Hotuba ya Antony mazishini, Plutarch anaigusia tu. Shakespeare akaona mwanya hapo, akaandika hotuba inayogeuza umati mzima ukisikiliza. Hata majeraha ya visu yalipanda kutoka 23 hadi 33!

Kwa nini? Juu kitabu unaweza kufunga urudi kesho, lakini mtu amesimama mbele ya steji akiboeka anaenda zake. Kwa hivyo alikata miaka, akabakisha kinachouma: Brutus anamchoma kisu mtu anayempenda.

Alikufa 1616 na mchezo huo haukuwa umechapishwa. Ni waigizaji wenzake wawili, Heminges na Condell, waliokusanya michezo yake 36 ikatoka 1623. Bila hao mabeshte, Caesar huyo angepotea. Na 1963, Mwalimu Julius Nyerere akiwa rais wa Tanganyika, akautoa kwa Kiswahili.

Sikwambii uache shule, usininukuu vibaya. Nakwambia tu kusoma hakukuisha siku uliyotoka getini. Kitabu cha zamani kiko pale kinakungoja. Wewe utakigeuza kuwa nini?