Tullio Campagnolo

Tullio Campagnolo (Vicenza, Italia, 26 Agosti 1901 – Februari 1983) alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano, mbunifu wa vifaa vya baiskeli na mwanzilishi wa kampuni inayoitwa kwa jina lake. Anajulikana hasa kwa wenzo wa kufungia gurudumu, ambao hufunguliwa kwa mkono bila spana.

Maisha

Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya chuma, na huko ndiko Tullio alikozoea zana. Katika miaka ya 1920 alishiriki mashindano ya baiskeli. Wakati ule gurudumu la nyuma lilikuwa na gia kila upande, moja ya tambarare na nyingine ya mlima. Ili kubadili gia, mshindani alishuka, akafungua nati zenye masikio mawili kwa vidole, akaligeuza gurudumu, kisha akafunga tena.

Kwa mujibu wa masimulizi ya kampuni, mnamo Novemba 1927 Campagnolo alikuwa akipanda mlima wa Croce d'Aune, kaskazini mwa Italia, kukiwa na theluji. Vidole vyake vilikufa ganzi, nati zikakataa kufunguka, na wenzake wakampita. Baadhi ya watafiti wa historia ya baiskeli wameyatilia shaka masimulizi hayo. Hata hivyo, taabu ya nati ilikuwa ya kweli kwa washindani wa zama hizo, na juu ya mlima huo umejengwa mnara wa kumkumbuka.

Wenzo wake

Ekseli ya kawaida ni chuma kizima. Katika mfumo wa Campagnolo ekseli ina tundu, na ndani yake hupita ufito mwembamba wenye nati upande mmoja na wenzo upande mwingine. Shina la wenzo si duara kamili: likizungushwa nusu mzunguko huuvuta ufito, na ncha za foki hubanwa kwa nguvu pande zote mbili.

Hapo ndipo wengi hukosea. Huuzungusha wenzo wenyewe kama nati mpaka ukaze, na gurudumu huonekana limefungwa kumbe sivyo. Gurudumu la mbele likichomoka njiani, mpanda baiskeli huanguka kichwa mbele. Kwanza baiskeli isimame chini, ili ekseli iingie mpaka mwisho wa nafasi zake katika foki. Wenzo ukiwa wazi, nati ya upande wa pili hukazwa kidogo kidogo, hadi wenzo unapofungwa uanze kuwa mgumu ukifika katikati ya safari yake na kuacha alama kiganjani. Ukifungika kwa kidole kimoja, umelegea. Springi mbili ndogo za ufito hukaa ncha nyembamba zikielekea ndani. Mwisho, sehemu ya mbele huinuliwa na tairi kupigwa ngumi kutoka juu, gurudumu lisitikisike.

Baadaye watengenezaji waliongeza kingo ndogo kwenye ncha za foki ili kulizuia gurudumu lililolegea lisidondoke. Kingo hizo si badala ya kufunga vizuri.

Kampuni na kazi nyingine

Campagnolo alianzisha kampuni yake mjini Vicenza mwaka 1933. Alitengeneza pia vibadili gia. Gino Bartali alitumia kimojawapo aliposhinda Tour de France mwaka 1948. Kifaa hicho, Cambio Corsa, kilikuwa na fito mbili nyuma ya kiti: moja ililegeza ekseli kwa njia ileile ya wenzo, nyingine ilisogeza mnyororo, yote hayo mpanda baiskeli akiwa mwendoni. Kulegeza gurudumu la nyuma huku baiskeli inakwenda kulihitaji moyo.

Baada ya kifo chake kampuni iliongozwa na mwanawe, Valentino. Baiskeli nyingi za mizigo za Afrika Mashariki bado hufungwa kwa nati na spana, lakini wenzo huo ulienea katika baiskeli za mbio na za milimani duniani kote.